Mpangaji Juu ya Nguzo

"Mbona njiwa hawamkalii?"

Donata aliuliza hivyo akiwa amesimama roshani, mwanawe begani, asubuhi ile kreni ilipoiweka sanamu mpya juu ya nguzo ya uwanja wetu. Mumewe Rocco alikuwa chini na wanakamati wenzake wa sikukuu, amevaa koti la suti katika joto la Julai, anapiga makofi. Mama mkwe wake, Nunziata, alikuwa jikoni anakoroga nyanya. Matarumbeta yalilia mpaka vioo vikatetemeka. Na swali la mwanamke mwenye mtoto begani, tangu lini likashindana na tarumbeta?

Lakini lilikuwa swali la haki. Mtakatifu Venanzio wa zamani, yule wa mti uliovikwa mabati ya shaba, mlinzi wa mji wetu wa Torrelonga tangu mwaka wa tauni, hakuwahi kukaa bila njiwa hata siku moja. Walimlalia utosini, walijipanga kwenye mkono wake wa kuume ulioinuliwa kubariki, wakamnyea mzee wa watu bila adabu, nasi tukazoea kumwona na ndevu nyeupe ambazo mchongaji hakumpa. Kisha mti wake ukaoza kwa ndani. Akateremshwa kwa mikanda, akalazwa ukumbini kwa meya kama mgonjwa anayesubiri kitanda. Mahali pake wakampandisha mwingine anayefanana naye kwa kila kunjo la vazi, ila huyu ni wa plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya shaba, na ndani ni mtupu. Ukimgonga analia kama pipa.

Siku ile njiwa walizunguka kichwa chake mara kadhaa, wakaenda kutua kwenye paa la benki.

Nyumba ya kina Donata iko ghorofa ya nne, na roshani ya jikoni imelingana kabisa na mabega ya mtakatifu. Hawamwoni uso, huwapa mgongo, kwa sababu kazi yake ni kutazama lango la mji, kule ilikoingilia tauni. Jirani wa mlango wa pili, Assunta, ana usemi wake: "Sisi wa upande huu tunaombewa na matako."

Kuna jambo la watu wa Torrelonga ambalo lazima ulijue mapema. Sahani ikidondoka, gari likifunga breki ghafla, mtu akijikwaa ngazini, kinachotoka mdomoni ni kimoja: "Venanzio wangu." Hatufikirii. Ni kama kupepesa jicho. Nunziata alikuwa bingwa wa hilo, na kwa kuwa marehemu mumewe naye aliitwa Venanzio, Assunta hakuacha kumtania. "Leo unamwita yupi, Nunziata? Wa mbinguni au yule aliyekuwa anakoroma?"

"Yeyote atakayekuziba mdomo," Nunziata alikuwa akijibu.

Jina hilo ndilo lililokuwa limeleta vita nyumbani. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, basi, hakuna mjadala. Donata akaleta mjadala. Alitaka mwanawe aitwe Elio. Kwa karani wa mji walimwandikisha majina yote mawili, kila mmoja akaondoka akidhani ameshinda. Lakini kwenye maji ya ubatizo huitwa jina moja, na hapo ndipo walipokwama. Rocco akasema wamsubiri kaka yake Cosimo, baba wa ubatizo, ambaye yuko kiwandani Stuttgart na hurudi kwa sikukuu ya mtakatifu mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo mtoto akakaa bila kubatizwa.

Na sanamu nayo ilikaa bila kubarikiwa. Sababu yake utacheka. Katika sikukuu ya mwaka uliopita meya aliitangulia miavuli ya kanisa katika maandamano, badala ya kufuata nyuma. Padri Pantaleo akanuna. Siku ya kupandisha sanamu akafunga milango ya kanisa kwa ufunguo, akasema atabariki siku ya sikukuu, meya akishaomba radhi. Meya akasema serikali haiombi radhi kwa kutembea. Wanaume wazima wawili, mmoja na mshipi wa rangi tatu kifuani, mwingine na kanzu, wamegombania hatua mbili za barabara, na mji mzima umeachwa chini ya kitu ambacho hakijasomewa hata neno moja. Wakiambiwa hivyo na mtu kama Donata, husema wasichana wa chuo kikuu wana midomo.

Basi. Tuje kwenye kontrora.

Kontrora ni ile saa baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limesimama juu ya mawe meupe ya uwanja kama askari, maduka yamefungwa, mbao za madirisha zimefungwa, na aliye nje ni mbwa au ni mtu asiye na kwao. Watoto wa kwetu hawatishwi kwa usiku. Hutishwa kwa kontrora. "Usitoke, wenyewe wanapita." Wenyewe ni kina nani, huambiwi.

Donata alikuwa amekaa jikoni katika giza lile la mchana, ananyonyesha, aliposikia kitu kikisogezwa ndani ya kitu kitupu. Kruu. Kimya. Kruu. Alimfikiria mpangaji aliyekabidhiwa ufunguo leo, anasukuma kitanda ukuta huu, hapapendi, anakisukuma ukuta ule. Kisha harufu ikapenya kwenye nafasi za mbao za dirisha: mshumaa uliozimwa kwa vidole, na chini yake unyevu wa ghala lililofungwa miaka.

Alikwenda chumbani. "Rocco," alinong'ona. "Unasikia?"

"Nini?"

"Kuna mtu anahamisha vitu."

"Atakuwa Assunta anamfukuza mumewe."

"Si ndani ya jengo. Nje. Kule juu."

"Plastiki inapanuka kwa jua, mke wangu. Lala."

Kabla ya hapo mtoto alikuwa na kilio cha muuza samaki. Akilia chumba cha pili, maziwa ya Donata yalikuwa yakishuka kabla hajamfikia, yakalowesha blauzi. Titi halidanganywi na mtu. Lakini wiki ile Elio akaanza kunyamaza. Kila aliyepanda ngazi alimpongeza mama. Mtoto mtulivu kama huyu, una bahati, wangu hakunipa usingizi mwaka mzima. Donata alikuwa akitabasamu, huku akitazama alikotazama mtoto: daima dirishani, kwenye ile mistari ya mwanga kati ya mbao, macho yamekazwa kama anayesikiliza maelekezo.

Siku moja, baada ya kumnyonyesha, alimlaza begani, akampigapiga mgongoni ili abeue. Pu, pu, pu. Mkono ukasimama hewani. Akapiga tena, polepole, kwa ncha za vidole.

Mlio ulikuwa wa pipa.

Alimpeleka kwa daktari akikimbia. Daktari, kijana mwenye ndevu zilizonyolewa kwa rula, akampima mtoto, akamgonga mwenyewe, hakusikia kitu. Uzito mzuri, alisema, rangi nzuri. Halafu akamtazama Donata kwa huruma ya kitabuni. Uchovu wa uzazi, Bibi. Akaandika dawa. Tazama vizuri: mgonjwa alikuwa mtoto, dawa akaandikiwa mama.

Dawa hakunywa. Alirudi akafungua mbao za dirisha katikati ya kontrora, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili anayelifanya, akatazama mgongo wa mtakatifu. Ulikuwa mgongo, ndiyo, lakini pembeni ya kichwa palionekana sikio zima, na jana yake halikuonekana. Siku iliyofuata palionekana sikio na shavu. Jioni alimwita Rocco, na Rocco akaona mgongo mtupu, wa siku zote, ulioshikwa kwa boliti ambazo yeye mwenyewe alizishuhudia zikikazwa. "Unataka nipande nikamuulize?" alisema, na ndugu zake wa kamati wakacheka kule kwenye baa, kwa sababu bila shaka alikwenda kuwasimulia.

Kisha ikaja ile siku ya upepo wa kusini, upepo wa moto unaofanya ukuta utoke jasho, ambapo Donata alisikia mwanawe akilia, kile kilio chenyewe cha muuza samaki alichokuwa amekikosa kwa siku nyingi, na maziwa yakashuka, na akakimbilia kitandani kwa furaha akimwita Elio wangu, Elio, naja, akamkuta mtoto amelala chali, kinywa wazi, ulimi unatetemeka, uso umekunjamana kwa nguvu ya kulia, na katika kinywa kile hakitoki chochote, hata pumzi ya kuzima kiberiti, huku kilio kikiendelea, kikali, chenye njaa, kikitoka nje, kutoka upande wa uwanja, kutoka juu, kutoka ndani ya kitu kitupu kilichokuwa kikikirudia na kukionja kama mtu anayejifunza wimbo.

Alikwenda kwa Padri Pantaleo na viatu vya nyumbani. Alimkuta sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, anamenya pichi.

"Padri, ibariki ile sanamu. Leo."

"Meya anajua pa kunipata, binti yangu."

"Simzungumzii meya. Namzungumzia mwanangu."

"Mwanao tutambatiza siku ya sikukuu, Rocco ameshanipa tarehe."

"Mbatize leo, basi. Hata sasa. Namleta."

"Bila baba yake wa ubatizo? Bila jina mliloelewana?" Padri alikata kipande, akakitia mdomoni. "Ubatizo si chanjo, Donata."

"Ni nini, Padri?"

Padri alitafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko pichi ilivyohitaji. "Nenda ukapumzike," alisema.

Nyumbani Nunziata alikuwa ameketi jikoni, mbele yake sahani bapa ya maji na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. Mji mzima humletea watu waliopigwa jicho baya. Maneno ya kuliondoa alifundishwa na shangazi yake usiku wa kuamkia Krismasi, ambao ndio usiku pekee yanapofundishwa. Ukiyafundisha siku nyingine yanakufa mdomoni. Mara mbili alitaka kumpa Donata, na mara mbili Donata alicheka, msomi wa chuo kikuu cha Bari, akasema Mama, mimi naamini kiuavijasumu. Sasa aliketi bila kucheka, mtoto mapajani.

"Ulijua?" alimwuliza.

"Nimeona unavyomgonga mgongo," Nunziata alisema. "Nami nilimgonga, ulipokuwa dukani."

Alidondosha matone matatu. Mafuta, unajua mwenyewe, huelea. Aliyepigwa jicho, matone yake hupanuka na kuyeyuka. Asiye nalo, hubaki mviringo. Haya hayakufanya hivi wala vile. Yalizama. Yakashuka polepole hadi chini ya sahani, yakatulia pale kama macho matatu.

"Venanzio wangu," Nunziata alinong'ona.

Nje, ule mkwaruzo ukakatika. Ulikuwa ukiendelea tangu walipoketi, wameuzoea kama saa ya ukutani, na sasa ulikatika ghafla, kama anavyosimama mtu aliyesikia akiitwa. Wanawake wawili wakatazamana juu ya sahani.

"Anaitika," Donata alisema.

"Wanamwita hivyo mji mzima, kutwa. Kwa nini asiitike?" Nunziata alijifunika mdomo kwa aproni. Sauti yake ilitoka kitambaani. "Sikiliza, mwanangu. Hili si jicho. Jicho hutazama likaondoka. Hili limekuja kukaa. Kitu kikisimamishwa bila kubarikiwa ni nyumba yenye mlango wazi. Kuna aliyepita akaona, akaingia. Lakini ni nyumba ya plastiki, mchana inachoma, usiku inaganda. Na kila akichungulia dirishani anaona nyingine, ndogo, yenye joto, yenye maziwa, nayo mlango wake uko wazi. Ungekuwa wewe ungelala wapi?"

"Tuufunge."

"Ndiyo."

"Padri amekataa."

"Padri hakuwepo mumeo alipozaliwa na kitovu shingoni. Mkunga alimbatiza juu ya sinki hii hii. Mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaruhusiwa; maji ya bomba yanatosha. Mshike. Jina?"

Donata alisita. Alijua anachoomba. "Elio, Mama."

Nunziata alitazama picha ya marehemu iliyokuwa juu ya jokofu, mzee wa masharubu aliyeshika samaki. "Atanielewa," alisema. "Elio. Na mimi nisitaje lile jingine, hata nikijichoma. Nikanyage mguu nikitaka kulitaja."

Alifungua bomba. Alijaza kikombe cha kahawa. Donata alimshika mtoto juu ya sinki, kichwa katika kiganja, akahisi jinsi kilivyokuwa baridi, baridi ya bafu la asubuhi, na jinsi kilivyokuwa chepesi, kana kwamba tayari nusu ya mzigo imeshahamishwa na kilichobaki ni sanduku. Nunziata alifanya ishara ya msalaba, akainua kikombe, akavuta pumzi ya kusema Elio.

Mbao za dirisha zikafunguka, na hazikufunguka kwa upepo, maana upepo hupiga, na hizi zilifunguliwa kwa adabu, kwanza komeo likainuka, halafu ubao wa kushoto, halafu wa kulia, kama afanyavyo mwenye nyumba anaporudi na kutaka hewa, na jua lote la uwanja likamwagika jikoni pamoja na ile harufu ya mshumaa na ghala, na katikati ya jua, karibu kiasi kwamba Donata angeweza kuugusa kwa mkono uliokuwa huru, ulikuwepo uso ambao watu wa upande huu hatujawahi kuuona, laini, wa shaba ya rangi, wenye macho yasiyo na shimo, na chini ya uso kiganja kilichonyooshwa, si juu kubariki bali mbele, kimekunjuliwa, namna unavyokinyoosha kumpokea mtoto kutoka kwa mwenzako aliyechoka.

Nunziata alikuwa mzaliwa wa Torrelonga. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Torrelonga. Donata alimkanyaga mguu, lakini miaka sabini ilikuwa imeshatangulia.

"Venanzio wangu," bibi alilia, na mkono wake ulikuwa umeshainama, na maji yakashuka juu ya utosi wa mtoto, na ulimi uliozoea sala ukaendelea wenyewe, haraka, kama mtu anayeteremka ngazi na hawezi kusimama, "ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, amina."

Nje, mtakatifu alikuwa amewapa mgongo, mkono juu, kama siku zote. Na mikononi mwa Donata mtoto alikuwa amepata uzito. Akafungua kinywa, akalia kwa nguvu, kilio kikajaa jikoni, Assunta akagonga ukuta kwa furaha, na Nunziata akaanguka kitini akishukuru.

Donata alisimama na mtoto anayelia kifuani. Alisubiri. Blauzi yake ilikuwa kavu.

Rocco alipoambiwa, alimbusu mama yake mikono yote miwili. Mtoto amepona na jina la baba limepona; aliwanunulia kahawa ya barafu watu wote wa baa. Padri Pantaleo alikuja mwenyewe, akauliza maswali matatu, akaitikia kwa kichwa. Halali. Maji yapo, maneno yapo, jina lipo.

"Rudia, Padri," Donata alisema. "Mbatize Elio."

"Ubatizo haurudiwi, binti yangu. Ni muhuri."

"Na aliyepigwa muhuri siye?"

"Donata," alisema Rocco.

Jioni ile ile njiwa walirudi. Walitoka kwenye paa la benki mmoja mmoja, wakatua kichwani pa sanamu, mkononi, mabegani, wakajibana pale kama kwenye dohani wakati wa baridi. Uwanja ukashangilia. Mambo yamekaa sawa, watu walisema. Donata alikuwa roshani, na mkononi alikuwa na makombo ya mkate mkavu ambayo humwagia njiwa kila siku, na mtoto alikuwa begani. Hakuna njiwa aliyevuka kuja. Walimtazama, wakabaki kule.

Kesho yake, kontrora, mtoto akiwa amelala, ule mkwaruzo haukuwepo. Palikuwa na kitu kidogo zaidi. Sauti nyembamba, ya mbali, kama kilio kilichosikika kupitia godoro. Donata alitazama chini. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi hadi kiunoni.

Sasa alielewa wote wawili wako wapi, mwanawe na yule mpangaji. Na alielewa pia kilichobaki. Mlango wa nyumba ile ya plastiki ulikuwa bado wazi, hakuna aliyeubariki, na maadamu uko wazi, aliyesukumwa kuingia anaweza kutoka. Alikwenda kwa meya, akamwambia usimwombe Padri radhi. Alikwenda kwa Padri, akapiga magoti kwenye mawe: usiibariki ile sanamu, nakusihi, nipe mpaka Krismasi, Mama ataweza kunifundisha maneno, nitamtoa mwenyewe. Padri ambaye mwezi mzima alikataa kubariki, sasa alikataa kutobariki. Kwa sababu meya alikuwa ameshaomba radhi. Walikuwa wamekwisha kula pamoja pweza wa kuchoma. Wanaume wamepatana; nani wewe uwaharibie?

Siku ya sikukuu, mwisho wa Agosti, Cosimo alikuja kutoka Stuttgart na cheni ya dhahabu ya mtoto. Taa ziliwashwa uwanja mzima. Padri Pantaleo alipandishwa kwa kikapu cha kreni ya zimamoto, kanzu inapepea, meya akimshikia ndoo ya maji ya baraka, wote wawili wanacheka kwa woga wa kimo. Donata alipenya kati ya watu, akashika nguzo kwa mikono miwili, akapiga kelele: "Msifunge. Yumo. Msifunge." Rocco na Cosimo walimtoa kwa kumbeba, kwa upole, wakiwaomba watu msamaha. Uchovu wa uzazi, walisema. Na juu yao matone ya maji yakaanguka kwenye kichwa cha plastiki, pa, pa, pa, na mlio haukuwa tena wa pipa.

Miezi imepita. Mtoto anakua vizuri, mzito, mzuri, halii ovyo. Ukimwita Venanzio hugeuka upesi, upesi kuliko watoto wa umri wake, na hukutazama mpaka wewe ndiye uondoe macho. Ukimwita Elio hageuki. Nunziata hajamshika tangu siku ile ya sinki. Husema mikono inamuuma. Krismasi ilipofika Donata alikaa mbele yake usiku kucha, na bibi alifungua mdomo mara nyingi, na maneno hayakuja. Alikuwa amewahi kuyajua. Sahani sasa humlishia paka.

Kwa muda Donata alikuwa akiteremka kila kontrora, peke yake juani, akisimama chini ya nguzo na kuita. Alipoita, kile kilio kilinyamaza kidogo, kama mtoto anavyonyamaza akisikia hatua. Watu walimwona kupitia nafasi za mbao za madirisha yao, na hakuna aliyefungua. Kisha daktari akashauri, na sasa Rocco hufunga mlango wa nyumba saa hiyo, na ufunguo huuweka mfukoni, na kulala juu yake. Donata hukaa nyuma ya dirisha na taulo kifuani.

Kwa hiyo nakuomba wewe, kwa kuwa umenisikiliza mpaka hapa. Ukipita Torrelonga baada ya chakula cha mchana, usikimbilie kivuli kwanza. Simama chini ya nguzo, upande wa mgongo wake, umwite Elio. Si lazima upaze sauti.